Ng'ombe Wawili, Taja na Jina

Mgeni akifika kwetu Ntchisi na kuuliza habari za Falesi, ataambiwa kwamba huyo ni mama wa huruma, mwenye mkokoteni wa ng'ombe, anayewabeba wajawazito hadi kituo cha afya bila kuomba hata kikombe cha unga. Kubeba anabeba, na bure ni bure kweli. Lakini huruma? Falesi hana huruma kukuzidi wewe wala mimi. Alichonacho ni kinyongo, na amekilisha vizuri kikanenepa kuliko hao ng'ombe wake.

Ng'ombe wenyewe ni wawili, mweusi na wa kijivu, na wanaitwa Taja na Jina. Kwetu mtu akiwa na neno na jirani yake hamwendei mlangoni kumtukana. Anafuga mbwa, anampa mbwa lile neno liwe jina lake, kisha kila jioni anasimama uani na kumwita kwa sauti ya juu. Tumekuwa na mbwa aliyeitwa Mnanisema, tumekuwa na mwingine aliyeitwa Deni Halijaisha, na jirani zao walijijua. Falesi ndiye wa kwanza kufanya hivyo kwa ng'ombe. Jirani aliyelengwa alikuwa Bibi Nambewe, mkunga, ambaye mikono yake ndiyo iliyotupokea wengi wetu duniani, mimi nikiwemo, na Falesi mwenyewe akiwemo.

Falesi alikuwa na mdogo wake, Zione. Msichana mfupi, mcheshi, akicheka unasikia hadi kisimani. Aliolewa na Wisikesi, kijana aliyekuja kukaa kwetu ukweni kama desturi yetu inavyotaka, na mwaka uliofuata akabeba mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika katikati ya masika, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Mama yao akamwita Bibi Nambewe, mkeka ukatandikwa, maji yakachemshwa. Siku hiyo ikaisha vizuri, wanawake wakitaniana. Ya pili ilipofika mchana na mtoto hajaonekana, Bibi Nambewe alinawa mikono, akakaa kitako mbele ya Zione, na utani ukakoma.

"Mtoto amekataa," alisema. "Kuna mwanamume mwingine aliyepita njia hii. Taja jina lake, njia ifunguke."

Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Mtoto akikwama, kosa ni la mama, na dawa yake ni ulimi.

"Bibi, sina mtu," Zione alisema.

"Mimi sikuulizi, mtoto ndiye anayeuliza. Taja jina."

Mama yao aliingilia kati. "Bibi Nambewe, mwanangu namjua. Hana mtu mwingine."

"Kila mama anamjua mwanawe wa mchana," alijibu mkunga. "Wa gizani anajulikana na mimi."

Falesi alikuwa nyuma ya mdogo wake, amemshika mabega. Alimsikia akikataa, akakataa tena, hadi nguvu za kukataa zikamwisha. Kisha Zione akaanza kutaja. Alimtaja mwalimu wa kwaya. Alimtaja muuza dagaa anayepita na baiskeli. Akamtaja mjomba wake, mzee wa kanisa asiyeweza hata kuinama kufunga viatu. Majina ya kijiji yalipomwishia, akamtaja yule mtangazaji wa redio anayesoma matangazo ya vifo, mtu ambaye hajawahi kukanyaga Ntchisi maishani mwake. Alikuwa anatafuta lile jina moja litakalofungua mlango, kama mtu anayejaribu funguo za watu wengine.

"Mnasikia?" Bibi Nambewe aliwaambia wanawake. "Ndiyo maana. Njia imejaa watu."

Falesi alitoka mbio kwenda kwa Chifu Kambalame, mtu pekee aliyekuwa na mkokoteni kijijini wakati huo. Alimkuta barazani akimenya karanga.

"Chifu, naomba ng'ombe. Zione anakufa."

"Amemaliza kutaja?"

"Ametaja hadi watu asiowajua!"

"Basi hajamaliza. Ng'ombe wangu hawabebi jambo lisilosafishwa, mama. Watavunjika mguu njiani. Amalize kwanza, halafu uje."

Aliporudi alikuta kilio kimeshaanza, na hakuhitaji kuuliza ni cha nani. Mtoto alikufa tumboni na mama yake akamfuata. Wisikesi alikunja blanketi lake, akalitia kwapani, akaondoka kabla kaburi halijachimbwa, hata kutupia udongo hakutupia. Zione akazikwa pembeni, upande wa kichakani, mbali na bibi zake. Na Bibi Nambewe, akila nsima, ugali wetu, ya matanga kwa mikono ile ile, akasema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwepo: "Mtoto yule ningemwokoa. Alichelewa kutaja."

Hapo ndipo kinyongo kilipozaliwa, na kilizaliwa bila shida yoyote.

Falesi alianza kwa njia ya heshima. Alipeleka shauri uwanjani kwa chifu, akataka jambo moja tu: Bibi Nambewe asimame mbele ya watu aseme kwamba Zione hakuwa na kosa.

"Nilifuteje neno ambalo sikulisema mimi?" Bibi Nambewe alijibu, amekaa na kitenge chake kipya. "Alitaja mwenyewe, kwa mdomo wake. Kwani nilimkodishia mdomo?"

Watu wakacheka. Chifu akainua mkono. "Na isitoshe, maneno ya chumba cha kujifungulia hayaletwi hapa. Hapa wamo wanaume."

"Wanaume hawa hawa," Falesi alisema, "wanaoyajua yote tangu siku ya matanga?"

Chifu akafunga shauri. Watu walipoanza kutawanyika, Falesi alimfuata mkunga hadi kwenye njia panda na kumwambia taratibu, maana hasira yake haina kelele: "Bibi, nitaukausha mkeka wako. Hata kuku hatalalia."

Bibi Nambewe akamcheka. Alidhani ni maneno ya msiba.

Falesi alilima karanga. Alilima shamba la kwao, akalima vibarua vya wengine, akalima hadi watu wakamwonea haya. Akanunua ndama wawili wakondefu, akawalea kama watoto. Akawafundisha nira mwenyewe, akiburuzwa matopeni huku wanaume wakimpigia makofi ya kejeli kutoka kwenye kilabu cha pombe. Mkokoteni aliutengeneza kwa ekseli ya gari bovu na mbao za mjomba wake. Siku alipowaita ng'ombe kwa majina yao kwa mara ya kwanza, kilabu kizima kililipuka kwa kicheko, na habari ilimfikia Bibi Nambewe kabla vumbi halijatulia.

Abiria wake wa kwanza alikuwa mke wa fundi matofali. Njia fupi ya kwenda kituo cha afya inapita nyuma ya kanisa. Falesi hakuifuata. Alizunguka kupitia nyumba ya Bibi Nambewe, na alipofika mbele ya ua akawapigia ng'ombe ukelele kana kwamba ni viziwi: "Taja! Jina! Taja! Jina! Twendeni!"

"Falesi, mbona tunazunguka?" mke wa fundi matofali aliuliza, amejishika kiuno.

"Kuna mtu namsalimia. Vumilia, dada, ni kidogo tu."

Waliporudi na mtoto, alisimamisha mkokoteni pale pale, akamnyanyua yule mtoto juu ya ua.

"Bibi Nambewe! Toka umwone! Huyu ametoka salama, na mama yake hakumtaja hata paka!"

Usidhani mkunga alikuwa bubu. Alitoka na ufagio mkononi. "Endesha, mwanangu, endesha. Asiye na mtoto wa kubembeleza hubembeleza magurudumu."

Neno hilo lilimpata Falesi, maana lilikuwa la kweli. Aliwahi kuolewa na mfuma vikapu, mtu mpole, lakini kila alipofikiria kubeba mimba aliuona ule mkeka, na usiku alilala amegeukia ukutani. Mwisho yule mwanamume akafunga mizigo yake. "Mimi sina ugomvi na wewe," alimwambia. "Ila wewe huna mume, Falesi. Una adui. Na nyumba hii ni ya nyinyi wawili." Akaenda zake, na Falesi hakumlilia. Alikuwa na mjamzito wa kumpeleka asubuhi hiyo.

Ndivyo miaka ilivyokwenda. Mwanamke mmoja akifika salama humwambia shoga yake, na shoga humwambia dada yake. Mkokoteni ukapata turubai, ukapata godoro la nyasi. Baadaye serikali nayo ikaja na maneno yake, chifu akatangaza kwamba atakayezalia nyumbani atalipa mbuzi, na mkeka wa Bibi Nambewe ukakauka kama alivyoahidiwa. Kuku wa shukrani hakuja tena. Watu waliokuwa wakimpisha njiani sasa walimpita tu. Alibaki kuuza mizizi ya kikohozi, na kila wiki, wakati mwingine mara mbili, alisikia lile neno lake mwenyewe likipita nje ya ua kwa kwato nane.

Siku moja wakaja watu wa wilayani na kipaza sauti, wakamvisha Falesi kitenge chenye picha ya mama na mtoto. Wakamwambia aeleze siri ya moyo wake wa upendo.

"Mimi sina moyo wa upendo," Falesi alisema kwenye kipaza sauti. "Mimi nina kizee mmoja pale ng'ambo ya kanisa."

Yule aliyekuwa akiwatafsiria wageni alikohoa kidogo. Wageni wakapiga makofi sana, kwa hiyo sijui aliwaambia nini.

Mama yake alimwuliza jioni hiyo, "Umemfukarisha, umemfanya kichekesho kwa watu, umemnyang'anya kazi. Sasa basi, mwanangu?"

"Njaa yake mimi siili, mama. Nilitaka aseme. Hajasema."

Na asingesema, nafikiri, kama si Tamandani.

Tamandani alikuwa mjukuu wa Bibi Nambewe, aliyelelewa naye tangu mama yake alipokwenda Lilongwe kutafuta maisha, akayatafuta hadi akajisahau. Msichana mfupi, mwepesi wa kucheka. Ndiyo, najua unachofikiria, na kijiji kizima kilifikiria hivyo hivyo kilipomwona na tumbo. Mumewe alikuwa Kasungu kwenye mashamba ya tumbaku. Sote tulijua pia kwamba Falesi asingekataa kumbeba, maana hajawahi kumkataa mtu. Lakini Bibi Nambewe aliapa. "Mjukuu wangu apande mkokoteni wa matusi? Niwe nimekufa." Tumbo lilipofika wakati wake akafunga mlango, akautoa mkeka darini, akaukung'uta vumbi.

Mke wa fundi matofali ndiye aliyekwenda kumwambia Falesi. Alimkuta shambani, asubuhi, mvua ikiwa imekatika kidogo.

"Tamandani yumo ndani na bibi yake tangu juzi. Wanasema mambo ni mazuri. Mimi nimepita pale, shoga, mambo si mazuri."

Falesi alisimama na jembe mkononi. Nitasema alichohisi, maana mwenyewe hajawahi kukificha: alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto. Aliliweka jembe chini, akanawa matope, akafunga kitenge kile cha wilayani, akawatia ng'ombe nira. Kisha akaenda moja kwa moja hadi kwa Bibi Nambewe, akasimamisha mkokoteni mbele ya ua, akakaa juu yake miguu ikining'inia. Hakubisha hodi. Alingoja kuombwa.

Bibi Nambewe alitoka. Alikuwa amezeeka kuliko Falesi alivyomkumbuka, au labda kwa karibu ndivyo alivyokuwa siku zote. Mikono ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko. Alimtazama Falesi, akawatazama ng'ombe.

"Falesi, mwanangu. Niazime ng'ombe."

"Shikamoo, Bibi. Habari za humu ndani?"

"Mwanangu, tafadhali."

"Amemaliza kutaja?"

Kizee akafumba macho. "Tamandani hana mtu. Nimemlea mwenyewe, namjua."

"Unamjua wa mchana," Falesi alisema. "Wa gizani je?"

"Falesi, mtoto huyu hana kosa lolote!"

"Ahaa. Mkuki kwa nguruwe, siyo? Rudi ndani umwulize. Mimi nina siku nzima. Ng'ombe wangu hawabebi jambo lisilosafishwa, watavunjika mguu."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika kwenye njia, wakisimama mbali kidogo, na hakuna aliyethubutu kuingilia. Bibi Nambewe alipiga magoti kwenye matope. Hiyo ndiyo picha ambayo Falesi aliilimia karanga, aliyoilalia na kuamka nayo, na sasa alikuwa anaitazama. Angeweza kuitazama hadi jioni.

Ndipo sauti ilipotoka ndani. Ilikuwa ya Tamandani, imekwaruzika, na hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu. Alikulia katika nyumba ile, akisikia kazi ya bibi yake tangu alipokuwa mtoto, na alijua mtoto akikwama dawa ni nini. Alikuwa ameanza mwenyewe.

"Ni mwalimu Fakisoni!" alilia. "Bibi, ni mwalimu Fakisoni! Si yeye? Basi ni Luka wa kinu! Ni Luka! Bibi, bado hatoki, nimtaje nani? Niambie nimtaje nani!"

Falesi aliruka kutoka kwenye mkokoteni. Alimpita kizee pale chini kama anayepita gogo, akaingia ndani, akamziba msichana mdomo kwa kiganja chake.

"Nyamaza. Usimtaje mtu. Hakuna wa kutajwa."

"Mama Falesi, hatatoka nisipo..."

"Atatoka. Hao wanaume hawana habari na wewe, waache wale nsima yao. Shika shingo yangu."

Alimbeba pamoja na mke wa fundi matofali, wakamlaza juu ya godoro. Lakini ilibidi mtu amshike Tamandani asigongwe na mbao, na mwenye mikono ya kazi hiyo alikuwa Falesi. Mke wa fundi matofali alitaka kushika kamba ya ng'ombe.

"Acha," Falesi alisema. "Ataongoza bibi yake."

Na wale ng'ombe, kama ujuavyo, hawaendi kwa kamba. Wanakwenda kwa kuitwa, kwa majina yao, na ukinong'ona hawasikii.

Bibi Nambewe aliishika kamba. Tamandani akapiga ukelele nyuma yake.

"Taja," kizee alisema.

"Hawasikii hivyo, Bibi," alisema Falesi.

"Taja! Jina!"

Ng'ombe wakaondoka. Bibi Nambewe alivuka kijiji kizima akiwa mbele yao, matope yamemfika magotini, na kila palipokuwa na kilima au dimbwi ilimbidi apaze sauti: Taja! Jina! Taja! Jina! Alipita mbele ya kanisa, mbele ya kilabu, mbele ya baraza la chifu. Watu walitoka majumbani. Hakuna aliyecheka. Falesi, kichwa cha msichana kikiwa mapajani mwake, hakumwambia apumzike hata mara moja.

Kituoni muuguzi alimpima Tamandani, akakimbilia simu. Gari la wilaya lilikuja, kwa bahati ya Mungu daraja lilikuwa halijachukuliwa na maji, akapelekwa kupasuliwa. Bibi Nambewe alimshika muuguzi nguo.

"Mwanangu, kimemzuia nini?"

"Nyonga yake ni nyembamba kuliko kichwa cha mtoto, Bibi. Wasichana wafupi wengine wako hivyo."

"Si... si jambo jingine?"

"Jambo gani? Mfupa ni mfupa. Hata angekuwa mtakatifu asingepita."

Kizee alikaa kwenye benchi la saruji. Habari zilipokuja kwamba Tamandani yu hai na mtoto wake, wa kiume, yu hai, alimgeukia Falesi na kuanza kusema maneno ya shukrani, na ya kuku, na ya mbuzi wake mmoja.

"Kula kuku wako," Falesi alisema. "Nataka uwanja. Jumapili, watu wakitoka kanisani."

"Na nikishindwa?"

"Basi nitaendelea kupita pale kwako. Na huyo kijukuu wako atakua, ataniuliza kwa nini ng'ombe hawa wanaitwa hivi. Mimi nitamwambia."

Jumapili uwanja ulijaa hadi watoto wakapanda juu ya vichuguu. Chifu Kambalame, mzee sasa, fimbo mapajani, alijaribu ile njia yake ya zamani. "Maneno ya chumba cha..."

"Kaa, Chifu," Falesi alisema, na chifu, ambaye tayari alikuwa amekaa, akanyamaza.

Bibi Nambewe alisimama katikati. "Zione hakuwa na kosa," alisema. "Mfupa wake ulikuwa mwembamba. Mimi sikujua."

"Tena," alisema Falesi.

"Zione hakuwa na kosa."

"Tena."

Mama yao alikuwa ameanza kulia, wanawake wakamshika. Bibi Nambewe akasema tena, na tena, na kila akimaliza Falesi alimrudisha mwanzo, hadi mzee mmoja wa kanisa akasimama na kusema, "Falesi, imetosha."

"Kwangu imetosha," Falesi alisema. Alijifuta uso kwa pembe ya kitenge, akageuka akautazama uwanja mzima. "Lakini mkeka ule ulilaza wengi. Nani mwingine ana marehemu wa kumwuliza?"

Mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Mama yangu mdogo, Malita?" Bibi Nambewe akajibu, "Hakuwa na kosa." Mwanamume mmoja akamtaja dada yake. "Hakuwa na kosa." Wakaendelea kuuliza, na kizee akawa anajibu, hamtazami mtu, na kila jibu likikaa chini watu wa ukoo fulani wanainamisha vichwa, maana kila ukoo una mtu aliyesemwa, na una mtu aliyesema.

Ndipo sauti ndogo ikatoka pale kwenye kiti.

"Na Ketelina?"

Alikuwa chifu. Ketelina alikuwa mke wake wa kwanza, aliyefia mkekani kabla wengi wetu hatujazaliwa. Vijana hawakuwahi hata kulisikia jina hilo. Wazee ndio waliojua kwamba alipobanwa alimtaja mdogo wa Kambalame mwenyewe, na kwamba Kambalame alimfukuza mdogo wake siku ile ile, naye kijana akaenda kwenye migodi ya Afrika Kusini, na huko akafa. Katika ukoo wao ikawa mwiko kumtaja kijana huyo. Hakuna mtoto aliyewahi kurithishwa jina lake.

Bibi Nambewe alimtazama chifu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Alitaja jina la mtu aliyekuwa karibu," alisema. "Yule kijana ndiye aliyekuwa nje akitupasulia kuni. Hawakuwa na kosa, wote wawili."

Fimbo ya chifu ilianguka, na hakuna aliyeiokota. Mzee alikaa, mdomo wazi, mikono mitupu juu ya mapaja. Ungemwonea huruma. Mimi nilimwonea. Nilimtazama Falesi, nikadhani naye pengine, baada ya yote haya, ataona kwamba mtu huyu amekwisha adhibiwa.

Falesi alisogea hadi mbele ya kiti.

"Mtaje, Chifu," alisema. "Mdogo wako. Alikuwa nani?"

"Jailosi," mzee alisema.

"Sauti, Chifu. Wa nyuma hawajasikia."